Mama Povu na Kamba Isiyonyooka

Kwa wiki nzima Mama Povu alikuwa na ugomvi na meza. Haikuwa meza ya jirani wala ya kazini. Ilikuwa meza yake mwenyewe, ile ya sebuleni yenye mguu mmoja uliofungwa waya. Kila alipopita aliitupia jicho la pembeni, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa na hataki kusema ataondoka lini. Juu ya meza palikuwa na birika la chai, nalo limetulia tuli.

“Haya, wewe,” Mama Povu aliiambia meza, “unasukuma nini?”

Mumewe, fundi viatu, alikuwa kwenye kigoda chake anapaka gundi kwenye soli. Akainua kichwa.

“Mke wangu, unaongea na meza?”

“Naiuliza. Mwalimu kasema inalisukuma birika kwenda juu.”

“Juu wapi? Mbona birika halijaruka?”

“Na mimi ndilo nililouliza, nikapewa alama nne juu ya ishirini.”

Mumewe alitaka kucheka, ila alimwona mkewe usoni akaamua kuendelea kupaka gundi. Miaka ishirini na saba ya ndoa humfundisha mtu wakati wa kucheka.

Mama Povu alikuwa dobi. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wageni yenye vyumba arobaini, na kwa miaka ishirini na moja hakuna shuka iliyolaliwa mle bila kupita mikononi mwake: kuifua, kuikamua, kuianika, kuianua, kuipiga pasi. Jina lenyewe alilipata mwaka ilipoletwa mashine ya kwanza ya kufulia. Aliipimia sabuni kama alivyozoea kulipimia karai. Povu likafura, likatoka mlangoni, likapita ukumbini taratibu kama bwana harusi, likafika mapokezi kabla yeye mwenyewe hajafika kuomba radhi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lingine, na yeye hakukasirika. Alisema afadhali povu kuliko taka.

Shule aliiacha akiwa kidato cha pili, mama yake alipougua na wadogo zake wanne wakakosa wa kuwapikia. Wadogo wakakua, akaolewa, wakaja watoto wake mwenyewe, nao wakakua wakaenda zao. Siku moja akabaki na nyumba iliyo kimya na alasiri zisizo na kazi, ndipo alipoona tangazo la masomo ya watu wazima kwenye ukuta wa shule ya jirani. Akaenda kujiandikisha somo la historia. Karani akamwambia historia imejaa, na kilichobaki ni fizikia.

“Fizikia ndiyo nini hasa?”

Karani akakuna kichwa. “Ni mambo ya vitu. Vinavyokwenda, vinavyoanguka, vinavyokaa.”

“Vitu navijua,” alisema Mama Povu, akatia sahihi.

Darasa lilikuwa mara tatu kwa wiki, saa kumi alasiri. Walikuwa wanafunzi kumi na moja, wakiwemo kinyozi mmoja aliyesinzia kila mwalimu alipogeukia ubao na mama mmoja mshonaji aliyeandika hata vikohozi vya mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa binti mfupi, mdogo kuliko kifungua mimba wa Mama Povu, mwenye chaki kwenye mikono ya blauzi muda wote. Yeye aliwaita mama na baba, wao wakamwita Mwalimu, na hakuna aliyeona ajabu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mwalimu aliposema kwamba kusukuma na kuvuta kote huitwa kani, Mama Povu alifurahi kukutana na neno analolijua.

“Kumbe ndiyo ile ya mtu kushika kani! Ya kwangu hiyo, Mwalimu. Muulize mume wangu.”

Shida ilianza siku Mwalimu alipoweka kitabu juu ya meza na kuuliza kinapata kani ngapi. Mama Povu alijibu kabla hajaulizwa. Hakuna, alisema, kwani kitabu kimetulia. Kitu kinachosukumwa kinakwenda, kisichosukumwa kinakaa, hilo hata mtoto anajua.

“Ni mbili, mama,” alisema Mwalimu. “Dunia inakivuta kwenda chini, meza inakisukuma kwenda juu. Zinalingana, ndiyo maana kimetulia. Ukizijumlisha unapata sifuri. Hali hiyo tunaiita msawazo.”

“Mwalimu, kwa heshima zote, meza ni mbao. Haina mkono. Haina hata nia.”

Darasa likaangua kicheko, hata kinyozi akaamka. Mama Povu akacheka nao, lakini moyoni halikumwingia. Ukaja mtihani mdogo, zikaja zile alama nne. Karatasi aliificha chini ya foronya kwenye kikapu chake cha kazi, na siku mbili hakutaka kukigusa kikapu hicho.

Mumewe ndiye aliyemtoa kwenye kiza hicho, bila kujua. Jioni ile ya birika, baada ya kumaliza soli yake, alisema tu, “Mimi sijui fizikia. Lakini hiyo meza yako, ukiweka birika inasukuma kidogo, nikikaa mimi inasukuma sana. Nani anaiambia isukume kiasi gani?”

Mama Povu alimtazama. Kisha akachukua kalamu, akaliandika swali hilo kwenye kiganja lisije likapotea.

Kesho yake darasani alinyoosha mkono, akasoma kiganjani neno kwa neno. Mwalimu akaweka chaki mezani. Kinyozi akadhani Mwalimu amekasirika, akajiweka sawa kwenye benchi. Kumbe binti wa watu alikuwa anatabasamu mpaka macho yanafumba.

“Mama, tangu nianze kufundisha nalisubiri swali hilo.”

Akatoka mbio, akarudi na ubao mwembamba na matofali mawili aliyoyaokota nyuma ya choo cha shule. Akaulaza ubao juu ya viti viwili, kama daraja, akaweka tofali moja katikati. Ubao ukapinda. Akaongeza la pili, ukapinda zaidi, ukatulia hapohapo.

“Njoo uuguse, mama. Ondoa matofali, ubonyeze kwa mkono.”

Mama Povu akabonyeza. Ubao ukazama kidogo, naye akausikia ukimkatalia. Akabonyeza zaidi, ukamkatalia zaidi. Akaachia, ukarudi ulivyokuwa.

“Unapinda mpaka unasukuma sawasawa na mzigo,” alisema Mwalimu. “Ukishalingana nao, hauna sababu ya kuendelea kupinda. Na meza ni hivyohivyo, ila inapinda kidogo mno kwa macho yetu.”

“Kwa hiyo haihitaji kuambiwa,” alisema Mama Povu polepole. “Mzigo wenyewe ndio unaoiambia.”

“Ndivyo hasa.”

Akabonyeza tena. Akabonyeza na ya tatu, na ya nne, akicheka peke yake kama anayemtekenya mtoto. Mama mshonaji akaja kubonyeza, wakaja wote, mpaka kinyozi akakalia ubao na ubao ukavunjika. Jioni ile Mama Povu aliingia kwake, akaipangusa meza yote kwa kitambaa kibichi, akaiambia, “Yaishe.”

Wakati huohuo kazini kulikuwa kumeletwa meneja mpya. Alikuwa kijana msafi, mwenye adabu, aliyemsalimia kila mtu asubuhi kwa shikamoo au hujambo inayomstahili. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda mistari iliyonyooka. Picha ukutani alizipima kwa rula. Viti vya chumba cha kulia vilipangwa kwa uzi. Na madirisha ya chumba hicho yalitazamana na ua wa kuanikia nguo, na mgeni mmoja mkubwa, kutoka shirika lililotaka kukodi vyumba vyote kwa mkutano, alitarajiwa Ijumaa.

“Shikamoo, mama,” alisema Meneja Jumatatu asubuhi, amesimama uani na mikono nyuma.

“Marahaba, Meneja.”

“Hizi kamba zimelegea. Zinaning'inia kama zimechoka kuishi. Naomba zikazwe, zinyooke kabisa.”

“Baba, kamba ya kuanikia haikazwi hivyo. Ikinyooka sana itakatika.”

“Kwa nini ikatike?”

Mama Povu akafungua kinywa. Miaka ishirini na moja ya kuanika ilikuwa mikononi mwake, na mikono haina ulimi.

“Ndivyo ilivyo,” alisema.

“Mama yangu, ‘ndivyo ilivyo’ si sababu,” alijibu Meneja kwa upole. Kilichomuuma Mama Povu si kwamba kijana amembishia. Kilichomuuma ni kwamba kijana alikuwa na haki.

Akaitwa mlinzi wa getini, jitu la miraba minne walilolipa jina la Tingatinga. Alizisokota kamba kwa kipande cha nondo, akazikaza mpaka ukizigusa zinalia kama gitaa. Meneja akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akaridhika.

Jumanne ilikuwa siku ya mablanketi. Blanketi la kwanza lililolowa maji likapanda kambani, kamba ikashuka kidogo sana. La pili likapanda. Mama Povu alipotupia la tatu na kutafuta vibanio mfukoni, alisikia mlio kama wa mjeledi, ncha ya kamba ikapita juu ya kilemba chake, na mablanketi yote matatu yakalala topeni. Akasimama pale na vibanio viwili mkononi. Halafu, kwa mshangao wake mwenyewe, hakukasirika. Alikuwa na hamu ya kujua.

Meneja alikuja mbio, akampa pole, akasaidia kuyabeba mablanketi kurudi kufuliwa bila kujali suruali yake. Kisha akasema tatizo ni kamba dhaifu, ataagiza nene zaidi. Mama Povu alitazama nguzo za uani. Aliona kabisa kwamba kamba nene haitakatika, itang'oa nguzo. Aliliona kama anavyoona mvua inakuja. Ila alijua ataulizwa kwa nini.

Alasiri hiyo alifika darasani amekumbatia pasi ya mkaa, ile ya zamani ya chuma iliyobaki na kazi ya kuzuia mlango tu. Alisimulia yote, mpaka mlio wa mjeledi aliuigiza. Mwalimu akafungua kabati, akatoa mizani mbili za springi, zile ndogo za kuning'iniza, kila moja ikiwa na ndoano chini na pete juu. Akaipima pasi: nyutoni thelathini, maana kani hupimwa kwa nyutoni.

“Sasa tuitundike kwenye mizani zote mbili. Shika hii, mama. Mimi nashika hii.”

Walisimama bega kwa bega, mizani zimenyooka kwenda juu, pasi ikining'inia katikati. Kila mizani ikasoma kumi na tano.

“Tumegawana mzigo,” alisema Mama Povu.

“Tumegawana. Sasa rudi nyuma polepole, nami narudi. Pasi isishuke.”

Wakatengana, huku mizani zikilala upande. Kumi na saba. Ishirini. Ishirini na tano. Mama mshonaji alikuwa anasoma kwa sauti kama anayetangaza mpira. Walipofika umbali fulani, mizani ya huku ilisoma thelathini, na ya kule thelathini.

“Simama hapo!” alisema Mama Povu. “Hii pasi ina thelathini. Mimi nina thelathini na wewe una thelathini, jumla sitini. Nyingine imetoka wapi?”

“Unamvuta nani sasa hivi, mama?”

Mama Povu aliutazama mkono wake. Aliutazama wa Mwalimu. Mikono yote miwili ilikuwa inavuta upande zaidi kuliko juu.

“Nakuvuta wewe,” alisema. “Loo! Nakuvuta wewe, nawe unanivuta mimi. Wa kushoto na wa kulia tunafutana. Kipande kidogo tu kinachoelekea juu ndicho kilichobeba pasi!”

“Na tukizidi kuilaza?”

“Kile kipande cha kwenda juu kinazidi kuwa kidogo, na pasi haijapungua. Basi inabidi tuvute zaidi, na zaidi.” Akaitazama pasi. “Na ikinyooka kabisa, hakuna kinachoelekea juu hata chembe. Nani atabeba pasi? Mwalimu! Hainyooki! Ikiwa na mzigo katikati, kamba haiwezi kunyooka kabisa, hata avute nani!”

Alikuwa amepiga kelele, naye hakujua. Kinyozi akapiga makofi. Mwalimu aliweka mizani chini, akamkumbatia mwanafunzi wake, na chaki yote ikahamia kwenye kilemba.

Alhamisi, wakati wa chai ya saa nne, Mama Povu alimwendea Meneja ofisini. “Baba, Jumatatu uliniuliza sababu. Nimekuletea. Iko uani.”

Uani alikuwa ametandaza kamba mpya, nene kama kidole, ile ile aliyoiagiza Meneja. Upande mmoja ulishikwa na Tingatinga, upande wa pili na mpishi, ambaye kwa uzito hakupitwa sana na Tingatinga. Katikati ilining'inia ndoo moja ya maji, lita kumi. Wahudumu wa vyumba walikuwa wametoka wote, na madirishani wageni kadhaa walikuwa wameshika vikombe vyao.

“Kazi ni ndogo,” alisema Mama Povu. “Inyoosheni.”

Tingatinga akacheka. “Ndoo moja, Mama Povu? Hii si kazi, ni dharau.”

Wakavuta. Ndoo ikapanda haraka, ikapanda taratibu, kisha ikagoma. Tingatinga akaacha kucheka, akachimbia visigino ardhini. Mpishi akajilaza nyuma mpaka kofia ikaanguka. Kamba ilikuwa karibu kunyooka, karibu mno, ila katikati palibaki bonde dogo, na bonde hilo lilikataa kuondoka.

“Bado!” wahudumu walipiga kelele.

Meneja akainama, jicho sawa na kamba, rula mkononi. “Bado imepinda,” alisema, kama mtu anayeshuhudia muujiza. Halafu akavua koti, akamkabidhi mhudumu, akaenda kushika kamba nyuma ya Tingatinga. Mtunza bustani akaenda upande wa mpishi kuweka usawa. Wakahesabu moja, mbili, tatu, wakavuta wanne kwa pamoja. Viatu viliteleza, wote wanne wakasogea mbele kama wanaoitwa na ndoo, na bonde likabaki palepale.

“Mnavutana wenyewe kwa wenyewe,” Mama Povu alieleza, akizunguka kamba kama mwalimu aliyezaliwa nayo kazi hiyo. “Anachovuta Tingatinga kinaliwa na mpishi. Ndoo inataka mtu wa kuivuta juu. Mkiilegeza kamba, ikipinda, pande zote mbili zinaelekea juu kidogo na mzigo unabebeka kwa nguvu chache. Mkiinyoosha kabisa, hakuna hata mmoja anayevuta juu. Kwa hiyo mtavuta mpaka kitu kikatike. Kamba, nguzo, au mpishi.”

Ni mpishi. Mguu ulimponyoka, akakaa chini kwa kishindo, kamba ikafyatuka upande wake, na ndoo ikaruka kuelekea kwa Tingatinga, aliyeinama kwa wakati unaofaa. Nyuma yake Meneja hakuinama. Maji yakampata yote, kuanzia kichwani.

Wahudumu walitazama chini. Meneja alijipangusa uso kwa kiganja, akatema maji kidogo.

“Mama,” alisema, “nimeelewa. Na nimelowa.” Kisha akacheka, kicheko kirefu cha mtoto, na hapo ndipo ua mzima ulipolipuka. Mpishi alicheka akiwa amekaa palepale topeni, maana alisema kuinuka na kucheka kwa pamoja hakuwezi.

Mchana ule kamba zilifungwa upya, zikalegezwa vizuri, na katikati ya kila moja ukasimikwa mti wenye panda ili kupunguza mzigo. Yule mgeni mkubwa alikuja Ijumaa, akala, akatazama nje, akasema mashuka ya hapa ni meupe sana. Kuhusu kamba hakusema neno.

Mtihani wa mwisho ulifika baada ya miezi mitano. Swali la tatu lilihusu taa iliyotundikwa kwa nyaya mbili kati ya kuta mbili, na Mama Povu alicheka kwa sauti mpaka msimamizi akaja kuangalia kama kuna karatasi iliyofichwa. Swali la nne lilikaribia kumwangusha. Toroli linasukumwa kwenye sakafu kwa mwendo usiobadilika: kani ya kusukuma na ya msuguano, ipi kubwa? Aliandika ya kusukuma, kwa kuwa toroli linakwenda. Halafu akajiona kwenye korido ya ghorofa ya kwanza na toroli lake la mashuka. Kuliondoa ni kazi, ndiyo. Lakini likishashika mwendo wake? Kama angekuwa anazidi msuguano, toroli lingeongeza kasi hatua kwa hatua hadi limshinde na kumtoroka. Mbona linakwenda naye polepole, mwendo uleule, mpaka mwisho wa korido? Akafuta, akaandika: zinalingana.

Matokeo yalibandikwa ukutani asubuhi ya siku ya kazi. Alikwenda na mumewe, aliyefunga kibanda chake cha viatu na kuvaa shati la kwenye harusi. Mumewe ndiye aliyesoma, maana Mama Povu alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Alisoma namba, akasoma alama, akasoma tena, kisha akamnyanyua mkewe juujuu mbele ya watu wote. “Niweke chini, mgongo wako!” alilia Mama Povu, huku amemshika shingo asiweze kumweka. Alikuwa amefaulu, na vizuri, wa pili darasani baada ya mama mshonaji. Kinyozi naye alikuwa amepita, na hakuna aliyejua kwa vipi.

Alipofika kazini habari zilikuwa zimeshamtangulia. Wenzake walimnyang'anya aproni, wakamkalisha uani kwenye kiti cha mapokezi chenye mto, wakamletea chai, wakasema leo haguswi na kazi. Meneja mwenyewe alikuwa amekunja mikono ya shati, anaanika foronya. Mama Povu alikaa, akanywa chai nusu kikombe, akatazama foronya ya kwanza, ya pili, ya tatu, jinsi kijana alivyozibana pembeni pembeni.

“Baba, hapana,” alisema, akaweka kikombe chini, akainuka. “Njoo nikuoneshe.”